Jakaranda zikichanua, boyeri tuifiche?

SWALI

Tantine, jambo sana. Mimi na ndugu zangu wawili, baba ametuachia nyumba ya zamani hapa Lubumbashi: matofali mekundu, baraza pana mbele, jakaranda tatu zilizolipita paa. Mtoto wa mdogo wangu anasoma Virginia, Marekani. Mwezi wa nne alinipigia simu akiwa kwenye foleni. Watu wanalipa waingie nyumba za wenyewe na kutazama maua! Akaniuliza, "Mama mkubwa, na yetu je?" Tunataka kujaribu miti ikichanua. Mume wangu anaogopa wezi, tena hataki mgeni aone chumba chetu cha kulala. Mimi naogopa aibu. Nyuma ya parseli kuna boyeri, vile vyumba vya watumishi wa zamani, imechakaa, ukuta umepasuka. Niifunike kwa turubai? Na tutoze ngapi?

Mama Mapasa, Lubumbashi

JIBU

Mama Mapasa, jambo sana. Turubai iache dukani. Nitalirudia hilo, ila kwanza nimtulize mzee wako, maana hofu yake ina dawa rahisi.

Aprili 2016 nilikuwa Richmond kwa binti yangu, akaninunulia tiketi ya hiyo wiki yao ya bustani. Ni siku nane kila Aprili, leo mji huu, kesho mji mwingine, na inaendeshwa na wanawake wa vyama vya bustani vya Virginia tangu 1929. Nilidhani nitapokelewa na mwenye nyumba. Kumbe kaondoka asubuhi. Kila chumba kilikuwa na mama mmoja wa chama, amesimama kando ya chombo cha maua, anakuchekea huku jicho haliachi mikono yako. Kupiga picha ndani, hapana. Viatu vya visigino vyembamba, hapana, vinatoboa sakafu ya mbao. Ngazi ya ghorofani ilizibwa kwa kamba, basi, na sikusikia mtu akiuliza kuna nini huko juu. Mwambie mume wako chumba chenu kinalindwa na kamba ya mita mbili na shangazi mmoja mkali. Au mwaka huu fungueni bustani na baraza tu. Hata mimi ningeanzia hapo.

Bei. Waingereza walianza mambo haya 1927: bustani 609 zilifunguliwa, kiingilio shilingi moja kwa kila mtu, zikapatikana pauni 8,191 za kuwasaidia manesi waliokuwa wakiwazungukia wagonjwa majumbani. Shilingi moja haimuumi mtu, na kila aliyetoa alijua inakwenda wapi. Nanyi tozeni faranga, si dola, na mwandike getini pesa ni ya nini. Kuzibua mtaro wa avenyu yenu kabla ya mvua za Novemba, kwa mfano. Munkoyo baridi, kile kinywaji chetu cha mahindi, na vitumbua uza pembeni. Faida hiyo ni yako, usione haya. Ila ndugu zako wawili wakubali kwa sahihi kabla hujamwalika mtu.

Kuhusu msimu, usiige Aprili yao. Wao wana tulipu na azalea, sisi Aprili tunaaga matope. Jakaranda zetu ni za Septemba na Oktoba, mti hauna jani, ni maua matupu. Zikikuangusha, kumbuka Natchez, Mississippi: mwaka 1931 baridi iliua maua wageni wa mkutano wa vyama vya bustani wakiwa njiani, wenyeji wakaona heri wafungue nyumba. Mwaka uliofuata wakaifanya kuwa desturi.

Sasa boyeri. Mimi nimezaliwa ndani ya moja, 1952. Baba alikuwa mtunza bustani wa villa moja mjini. Wakati ule Mwafrika mahali pake pa kulala palikuwa mitaa kama Kamalondo, ikiitwa Albert, ng'ambo ya uwanja mtupu waliouacha makusudi kati ya mji wa Wazungu na cité, mitaa ya Waafrika. Lakini madame alitaka kahawa saa kumi na mbili asubuhi. Basi boi na mtunza bustani wakalazwa nyuma ya nyumba, kwenye vyumba ambavyo mtu wa barabarani havioni. Chetu kilikuwa kimoja, dirisha juu, linatazamana na ukuta. Mama alipika nje kwa makaa, na moshi ukielekea kwenye baraza, tulisikia kengele. Kiangazi chote baba alimwagilia waridi kwa ndoo kabla hajanawa uso. Jioni alinyoosha mikono chini ya taa ya petroli, mama akamtoa miiba kwa sindano, mmoja mmoja, akiipanga juu ya kifuniko cha sufuria. Sisi watoto tulihesabu. Siku moja ilifika kumi na tisa.

Ndiyo maana neno turubai limenichoma, dada yangu.

Hata wale wanawake wa Virginia walianzia kwenye bustani ya namna hiyo. Mwaka 1927 walifanya maonyesho ya maua, wakapata dola 7,000 za kuokoa miti ya Monticello, nyumba ya rais Thomas Jefferson. Mtunza bustani mkuu wa Jefferson alikuwa Wormley Hughes, mtumwa wake, na ndiye aliyemchimbia kaburi 1826. Siku hizi mgeni wa Monticello haishii sebuleni, anapelekwa pia Mulberry Row, njia ambako watumwa waliishi na kufanya kazi. Nilipita hapo. Watu waliokuwa wakipiga kelele kwenye maua walinyamaza wenyewe.

Kwa hiyo mwite fundi aangalie ule ufa. Ukuta ukiwa wa kuanguka, weka kamba, watu watazame kutoka mlangoni. Usipake rangi. Ndani weka ndoo na kiti kimoja. Halafu nenda Kamalondo ukaulize mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye avenyu yenu, wachache wamebaki. Mlipe siku yake, umkalishe barazani, kwenye kiti kizuri kabisa ulicho nacho, aseme anachotaka. Akitaka kusimulia mbwa wa bwana tu, mwache.

Nami nialike. Nitakuja alfajiri na fagio langu, kwa sababu maua ya jakaranda usipoyafagia mapema yanakanyagwa, na njia inateleza kama sabuni.