Nimezoea bourbon, hii singo malti mbona kama maji?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni dereva wa watalii naishi Soweto hapa Moshi, wiski yangu miaka yote ni bourbon ya Marekani, Maker's Mark nikiwa nazo na Jim Beam nikiwa sina. Mwezi uliopita mgeni niliyempeleka Tarangire akanizawadia singo malti ya Skotland, Glenfiddich ya miaka 12, nikasema leo ndo leo, nikaita washkaji wawili tukaanza na Maker's toti mbili mbili na mbuzi choma, alafu nikafungua ya mgeni. Yaani kaka ni kama maji yaliyosuuzia glasi! Haina utamu, haichomi, haina chochote. Mshkaji mmoja anasema ni feki. Ni feki kweli au ulimi wangu ndo mshamba?

JIBU: Kama kizibo umekikata mwenyewe na mgeni kaja nayo kutoka kwao, mimi feki siioni hapo, nachoshuku ni zile toti mbili za Maker's na pilipili ya mbuzi. Maker's ni asilimia 45, Glenfiddich 12 ni 40, sasa ulimi umeshapigwa na kitu kikali na kitamu alafu unauletea kitu cha upole, utasikia nini? Ni kama kunywa chai ya sukari kidogo baada ya kulamba asali.

Ila kuna sababu kubwa zaidi, nayo iko kwenye pipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na mahindi kuanzia asilimia 51 na ikae kwenye chombo kipya cha mti wa mwaloni kilichochomwa ndani kwa moto, na kikishatumika hakiruhusiwi kurudi kutengeneza bourbon nyingine. Ule utamu wa vanila na karameli unaoupenda unatoka kwenye huo mbao mpya uliochomwa. Mapipa yakishatumika mengi yanauzwa Skotland, na huko ndo wanaweka singo malti, yaani wiski ya kimea cha shayiri peke yake kutoka kiwanda kimoja. Majani ya chai yale yale, birika la pili: rangi imepungua, ukali umepungua, sasa unaanza kusikia nafaka yenyewe. Na wewe uko Moshi bwana, mambo ya kimea tukufundishe sisi wa Arusha? Ulezi unaomeshwa kwa ajili ya mbege, shayiri nayo inameshwa hivyo hivyo, tofauti wao wanakuja kuivukisha kwenye mtambo na kuilaza miaka.

Kwa hiyo irudie, siku ambayo kesho yake huna safari. Iwe ya kwanza, kabla ya chakula, kabla ya bourbon yoyote, barafu hapana. Tumia glasi iliyobana mdomo, hata ile ndogo ya waini inafaa, mimina kidogo uiache kama dakika kumi ndo unuse, mdomo wazi kidogo ili pombe isikuchome pua. Utafute harufu ya peasi, zile za Lushoto zikiwa zimeanza kulainika. Mimi mara ya kwanza sikuipata, niliipata siku ya tatu nilipoongeza maji nusu kijiko cha chai, na tangu hapo haijanipotea.

Sasa maoni yangu, na wenye Glenfiddich yao wasinichukie: kwa mtu wa bourbon ile ni ya kiungwana mno kuanzia. Ningekuwa mgeni wako ningekuletea Balvenie DoubleWood 12, ya familia ya Grant, wale wale wenye Glenfiddich, inaanzia mapipa ya bourbon alafu inamalizia miezi kama 9 kwenye ya sheri (waini kali ya Hispania), inajaa mdomoni. Au Glenmorangie, ile yao ya kuanzia inakaa kwenye mapipa ya bourbon tu, na mitambo yao ina shingo ya mita 5 na ushee, wenyewe wanailinganisha na twiga, kwa hiyo dereva wa watalii huna kisingizio. Laphroaig iache kwanza, ile shayiri inakaushwa kwa moshi wa udongo wa mboji na inanukia dawa ya kidonda, mtu wa Moshi asianze na ya moshi.

SWALI: Mimi nina ya miaka 12 nimeifunga kabatini tangu 2019, si sasa imeshafika 18? Niilaze kama waini? (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Hapana ndugu, wiski inakua kwenye pipa tu, ikishaingia chupani umri umesimama, hiyo bado ni 12 mpaka mjukuu wako aikute. Na isimamishe, ukiilaza pombe inakula kizibo. Alafu miaka yote hiyo kabatini unamsubiri nani, ifungue.