Kwa nini miguu ya tembo wa udongo inadondoka ikikauka
Udongo hauna kosa, ni kwamba miguu mmeibandika tu. Kwaruza kwa uma pale inapokutana na tumbo, pande zote mbili, paka udongo uliokorogwa na maji mpaka uwe kama uji mzito, kisha kandamiza na usawazishe kiungo kwa kidole. Udongo husinyaa ukikauka, na mguu mwembamba hutangulia kukauka kabla ya tumbo, ndipo ufa unapoanzia. Nimefinyanga tembo kibao na wanangu. Mkonga ndio msumbufu zaidi. Siku ya kwanza funika kwa mfuko wa plastiki, msianike juani. Ila kama mnatumia plastisini, ule udongo laini wa kuchezea wa dukani, sahau maji: ile ina mafuta, haishikani nayo.