Swali la lugha: madoa ya jua "yanatoa" sumaku?

Msomaji kauliza: "Niliandika kwamba madoa ya jua yanatoa sumaku kali, mwalimu mwenzangu akakataa, akasema kutoa sio kitenzi chake hapo. Nani yuko sahihi? Na niseme uga wa sumaku au uwanja wa sumaku?"

Mwenzako yuko sahihi, na wala sio kisarufi maana sentensi yako kisarufi haina shida, shida ni kwamba "kutoa" inalifanya doa (lile eneo jeusi kwenye uso wa Jua) ndo liwe chanzo wakati mambo yako kinyume, sumaku inatangulia alafu doa linafuata. Ndani ya Jua, kwenye ile theluthi ya nje, kuna gesi ya moto yenye chaji za umeme, inachemka muda wote, inapanda na kushuka, na mwendo huo ndo unazalisha umeme na sumaku, kwa iyo "kuzalisha" kitumie huko chini, usikilete juu kwenye doa.

Sasa Jua halizunguki lote kwa kasi moja, kwenye ikweta yake linamaliza mzunguko kwa siku kama 25, karibu na ncha ni zaidi ya 30, basi uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, unavutwa, unazungushwa, unasokotwa kama kamba na kila msokoto unauongezea nguvu. Fungu la uga lililokaza hivo linakuwa jepesi kuliko gesi iliyolizunguka, linapanda mpaka linatoboa uso wa Jua, na hapo mi ningeandika "kuchomoza", uga unachomoza sehemu moja na kuzama tena pembeni yake, ndo maana madoa mara nyingi yanakuja mawili mawili, moja ncha ya kaskazini lingine ya kusini. Sumaku hiyo inazuia joto la chini lisipande, pale panapoa kwa zaidi ya nyuzi elfu moja, panaonekana peusi. Mwanaastronomia George Ellery Hale aliipima sumaku hiyo mwaka 1908 kwenye kituo cha kuangalia anga cha Mount Wilson, California, na leo tunajua inafika gausi (kipimo cha nguvu ya sumaku) 3,000 hivi, wakati ya Dunia haifiki hata gausi moja.

Kwa iyo andika "sumaku imesababisha doa" au "uga umechomoza kwenye doa". Doa lenyewe halikai, gesi inalimegua ndani ya siku au wiki kadhaa, mabaki ya uga yanasukumwa kuelekea kwenye ncha, na kila baada ya miaka kama 11 ncha za Jua zinabadilishana, hapo sema "uga umegeuka" sio "umeisha".

Alafu "madoa ya jua" peke yake mtu anaweza kudhani ni yale ya kwenye ngozi, andika "madoa ya kwenye Jua", J kubwa.

Uwanja wa sumaku watu watakuelewa ila kwenye fizikia uga ndo limezoeleka, na wingi wake ni nyuga: uga wa sumaku umegeuka, nyuga za sumaku zimegeuka.