Re: Rameni ya kuku Tokyo, foleni na nguruwe

Mambo vipi mkuu. Umeuliza kama hiyo rameni (tambi za Kijapani kwenye supu) ya supu nzito ya kuku unaweza kula bila wasiwasi wa nguruwe, na foleni pale Tokyo inaendaje.

Kwanza cheki nguruwe. Supu yenyewe, wenyewe wanaiita tori paitan, ni mifupa ya kuku inachemshwa moto mkali masaa kibao mpaka mafuta yanachanganyika na maji inakuwa nyeupe kama tui zito, kwa hiyo ule weupe sio lazima uwe maziwa. Shida ni vinavyowekwa juu, kuna sehemu wanakuwekea chashu, yaani vipande vya nyama ya nguruwe, juu ya supu ya kuku, halafu ile sosi ya chini ya bakuli mara nyingi ina sake au mirin ambayo ni pombe. Kama unafuata halali kweli kweli basi tafuta duka lililoandikwa halali kabisa, Tokyo yapo, usitegemee neno "kuku" peke yake.

Foleni nenda kabla hawajafungua, siku ya kazi, maana supu ikiisha wanafunga hata kama muda bado. Wengine unakata tiketi ya chakula kwenye mashine kwanza ndo unapanga, wengine kinyume, angalia wa mbele yako. Beba noti za yen 1,000, mashine nyingi za zamani hazili noti ya 10,000 wala kadi, na zile noti mpya zilizotoka Julai 2024 kuna mashine zinazozitema.

Ukimaliza nyanyuka, stori mkapige nje. Kuvuta tambi kwa kelele ruksa.