Jibu: Merikebu ya Sultana ilifika kweli Marekani?

Ndugu, umeuliza kama ni kweli merikebu kutoka Unguja iliwahi kufika Marekani, au ni hadithi za barazani. Ni kweli kabisa. Sultana, mali ya Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, iliundwa Bombay mwaka 1833. Ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, nahodha akiwa Ahmad bin Naaman, ikiwa imesheheni pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi. Rais Van Buren alipelekewa farasi wawili wa Kiarabu!

Ninachokipenda zaidi: ilifika imechakaa, Wamarekani wakaitengeneza bure katika karakana yao ya jeshi la maji, Brooklyn. Ikarudi Unguja mwisho wa mwaka huo, na shehena yake ilikuwa na zile nguo tunazoziita merikani.