Vipandikizi vya meno ya bandia ya chini: usiharakishe siku ya kuyabana

Mtu akishajua kwamba meno yangu ya bandia ya chini yameshikwa na vipandikizi viwili, yaani skrubu ndogo za titani zilizoingizwa kwenye mfupa wa taya, swali huwa ni hilo hilo: ulisubiri muda gani kabla ya kuyabana meno juu yake? Namjibu kwamba muda wangu haumsaidii. Amwulize daktari wake kipandikizi kilikaza kwa nguvu kiasi gani siku kilipoingia, kwa sababu ratiba nzima inaanzia hapo.

Kwa waliochoka na gundi, wazo lenyewe ni zuri mno. Meno ya chini hayana kaakaa la kuegemea, ulimi unayasukuma mchana kutwa, na mfupa wa taya la chini huliwa haraka kuliko wa juu. Ndiyo maana wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 2002 walitamka kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja chini, vipandikizi viwili vya kushikilia meno ya bandia ndilo chaguo la kwanza.

Zamani hapakuwa na mjadala wa muda. Per-Ingvar Brånemark, Msweden aliyegundua mwaka 1952 kwamba titani hushikana na mfupa alipokuwa akichunguza sungura, alianza kutibu watu mwaka 1965. Utaratibu wake ulikuwa kufukia kipandikizi chini ya ufizi miezi 3 hadi 4 kwa taya la chini, na 6 kwa la juu. Siku hizi kuna njia tatu: kubebesha mzigo, yaani kuyabana meno juu ya kipandikizi, ndani ya wiki moja, kati ya wiki moja na miezi miwili, au baada ya miezi miwili.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni hili. Siku ya kwanza kipandikizi kimekaza kwa sababu nyuzi zake zimeuma mfupa wa zamani, kama skrubu kwenye ubao. Kisha mwili unaanza kuula ule mfupa uliobanwa ili ujenge mpya. Kati ya wiki ya pili na ya nne hivi, wa zamani umepungua na mpya haujakomaa, kwa hiyo kipandikizi kimelegea kuliko siku kilipowekwa. Kikitikiswa mara kwa mara kwa zaidi ya takribani moja ya kumi ya milimita, kitazungukwa na nyama laini badala ya mfupa, na hapo hakuna dawa ila kukitoa. Balaa ni kwamba wakati huo kidonda kimeshafunga, nyuzi za kushonea zimetolewa, hakuna maumivu, na wewe unajiona mzima kabisa.

Vyangu vilikaza vizuri, juu ya nyutoni-sentimita 35 (kipimo cha nguvu ya kukazia), kiwango ambacho madaktari wengi hukitaka ndipo wafikirie kubebesha mapema. Hata hivyo daktari wangu alichagua kusubiri kwanza, na mimi nilikubaliana naye, maana vipandikizi viwili vinavyosimama kila kimoja peke yake havina wa kusaidiana. Vinne vilivyounganishwa kwa upau hugawana mzigo, na huko kubana mapema kuna mantiki zaidi. Tafiti zinaonyesha njia zote tatu hufanikiwa kwa wengi kwenye sehemu ya mbele ya taya la chini, ambako mfupa ni mgumu. Lakini kwa vipandikizi viwili tu, sioni faida ya wiki chache inayostahili hatari hiyo.

Kusubiri hakumaanishi kukaa kibogoyo. Baada ya siku za mwanzo za kuacha ufizi upone, meno yangu ya zamani yalichongwa kwa ndani na kuwekwa tabaka laini. Daktari alipaka krimu nyeupe upande wa ndani, akayarudisha mdomoni, akaniambia niume, akayatoa. Krimu ilipofutika ndipo plastiki ilipokuwa ikigusa kifuniko cha kipandikizi, akachonga tena. Alirudia hivyo mpaka krimu ikabaki nzima. Daktari asipofanya hivi, mwombe, kwa sababu meno yanayogonga kifuniko kila unapotafuna tayari yamebebesha mzigo, hata kama ratiba inasema bado. Na vyakula laini ni vya kipindi chote hicho, si vya wiki ya kwanza tu.

Ukiwa unavuta sigara, kisukari chako hakijatulia, uliwahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, unatumia dawa za kuimarisha mifupa, au umeongezewa mfupa, yaseme yote kabla ya upasuaji. Mengine hurefusha muda, mengine huweza kuzuia kazi yenyewe.

Siku ya kubana ikifika, kubali usumbufu mdogo wa kukaa umefunga kinywa huku plastiki ikigandisha vishikizo, yaani vipande vidogo vinavyonasa kwenye vipandikizi, ndani ya meno. Ukiuma vibaya wakati huo, vishikizo vinaganda upande na utarudi kila mara. Halafu jizoeze kuyaweka na kuyatoa kwa vidole. Usiyabane kwa kuyauma. Vipete vya plastiki vilivyo ndani ya vishikizo huchakaa, na ukiona meno yanaanza kuchezacheza, mara nyingi ni vyenyewe tu. Kuvibadilisha ni kazi ya muda mfupi kwenye kiti cha daktari. Kikicheza kipandikizi chenyewe, vua meno uende siku hiyo hiyo.