Ukikabidhiwa idara ya ujenzi halmashauri ya mwambao, anza na vitakavyofunikwa

Mleta mada ameuliza hivi: mhandisi aliyepandishwa kuongoza idara ya ujenzi kwenye halmashauri ya huku Tanga aanzie wapi, maana mkurugenzi anataka madarasa yaishe, madiwani wanataka barabara na mkaguzi wa ndani anataka mafaili. Wengi hapo juu wamemshauri awe mkali saiti. Ukali hausaidii sana. Ukuta ukishapigwa lipu na rangi, hakuna mkali anayeweza kuona nondo zilizomo ndani. Mkuu wa idara, iwe inaitwa idara ya ujenzi kama zamani au divisheni ya miundombinu kama sasa, kazi yake ni kujua lini kitu kinafunikwa na kuhakikisha kimepimwa kabla ya hapo.

Kwanza mipaka, maana hapo ndipo wageni wanapoteza miezi. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko TARURA, haziko tena kwa mhandisi wa halmashauri. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Segera hadi Tanga na Horohoro ni yao. Maji vijijini ni RUWASA tangu 2019, na mjini kuna mamlaka ya maji. Wewe umebakiwa na majengo ya umma, usimamizi wa miradi ya shule na zahanati, vibali vya ujenzi ukishirikiana na wakadiriaji majenzi wenzako na watu wa mipango miji, na mitambo na magari. Ila diwani hajali mgawanyo huo. Kijiko (mtambo wa kuchimba) kikiwa hakijafika mtaani kwake atakusimamisha wewe kwenye Baraza. Chora ramani moja ya kata zote, kila mwenye barabara na rangi yake, uibandike ofisini na uende nayo kwenye vikao. Kujibu "hii ni ya TARURA, barua yetu kwao ni ya tarehe fulani" ni tofauti kabisa na kujibu "hiyo si yetu".

Mtego mkubwa wa mipaka ni mitaro. Mtaro wa kando ya barabara ya mtaa ni wa TARURA, lakini taka zilizomo ni suala la usafi, na usafi ni wa halmashauri. Kila mmoja anamsubiri mwenzake mpaka mvua inafika. Andikeni makubaliano kila mwaka kabla ya Februari: nani anazibua, nani analeta roli, na muda gani mchanga uliotolewa ukae pembeni. Mimi naona saa 48 zinatosha. Rundo likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani, na malipo ya vibarua yamepotea bure.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Masika huku mwambao ni kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na Tanga haina ukame wa kutegemea hata katikati. Fedha za miradi haziji zote Julai. Zikija Novemba na wewe ndiyo unaanza kuchora, utachimba msingi Februari na kumwaga jamvi (zege la sakafu) kwenye matope. Kwa hiyo Julai hadi Septemba, wakati fedha haijaingia, fanya kila kisichohitaji fedha nyingi: chagua eneo, chimba shimo la majaribio la mita 1.5 uone udongo, rekebisha ramani ya TAMISEMI iendane na mteremko, andaa BOQ (mchanganuo wa vifaa, kazi na gharama), hakiki bei za kokoto na mchanga zilizopo kwenye kata ile ile. Fedha isiyotumika ifikapo Juni 30 ina mlolongo wake wa kuombewa upya, na mlolongo huo hauna huruma.

Shimo la majaribio lisidharauliwe. Fedha za miradi hii huja kwa kiwango kimoja kwa nchi nzima. Madarasa ya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 yalipangiwa milioni 20 kila moja, uwe kwenye mwamba wa matumbawe au kwenye mfinyanzi mweusi. Msingi ndio unaokula tofauti hiyo. Ukikuta mfinyanzi unaopasuka kiangazi, hamisha jengo hata mita 40 kama eneo lipo, kabla hujafikiria kuongeza kina na nondo. Kuhamisha ni bure siku ile tu ambayo hamjachimba.

Miradi mingi inakwenda kwa force account: shule au zahanati inanunua vifaa kupitia NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni), fundi analipwa nguvu kazi, kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zinaundwa na watu wa pale pale. Mfumo huu si mbaya, ila una udhaifu mmoja: mwalimu mkuu anasaini kupokea vitu asivyoweza kuvipima. Jaza pengo hilo kwa vipimo vinavyofanyika kwa mizani, rula na chupa.

Nondo: uzito wa mita moja kwa kilo ni kipenyo cha milimita mara chenyewe, gawa kwa 162. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa karibu kilo 10.7, mm 10 ni kilo 7.4, mm 16 ni kilo 19. Pima tano kwa pamoja kwenye mizani ya mazao. Ikija ya "12" yenye kilo 9, hiyo ni mm 11, na umeshapoteza asilimia 16 ya chuma kwenye kila nguzo. Pima urefu pia, kuna zinazokuja pungufu ya mita 12.

Mchanga: jaza chupa ya plastiki nusu, ongeza maji yenye kijiko cha chumvi, tikisa, acha masaa matatu. Kama mchanga umesimama sentimita 10, tope la juu lisizidi milimita 8. Hicho ni kipimo cha udongo tu, hakionyeshi chumvi ya bahari, na huku hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi. Mchanga mweupe wa ufukweni ni mzuri kwa macho na unaozesha nondo kutoka ndani. Kataa wote uliochotwa karibu na bahari, na usikubali hadithi ya "tumeuosha" bila cheti cha maabara. Maji ya kisima cha chumvi ni vivyo hivyo.

Zege: piga marufuku beleshi kuwa kipimo. Tengeneza maboksi ya mbao ya sm 40 kwa 35 kwa 25 kwa ndani. Hiyo ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Kwa 1:2:4 ni mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, pungufu ya hapo kama mchanga una unyevu. Mafundi huongeza maji ili zege liteleze. Wakitaka liteleze wapewe vaibreta. Chukua kyubu (vipande vya zege vya kupimia nguvu) za mm 150, tatu zivunjwe siku ya 7 na tatu siku ya 28. Kama ya siku 7 haijafika kama theluthi mbili ya nguvu iliyotakiwa, simamisha hatua inayofuata. Usisubiri mwezi huku ukuta unapanda.

Biskuti, yaani vipande vidogo vya zege vya kushikilia nondo mbali na uso wa zege: huku mwambao nondo za nguzo na bimu za nje zikae mm 50 kutoka uso wa zege, ndani angalau mm 25 hadi 30. Biskuti za zege zitengenezwe wiki moja kabla. Ukikuta wametumia vipande vya tofali au kokoto kuinulia nondo, kazi irudiwe. Tofali linafyonza maji ya chumvi na kuyapeleka moja kwa moja kwenye chuma. Majengo mengi yanayopasuka lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) baada ya miaka michache hayakukosa saruji, yalikosa biskuti.

Vituo vya kusimama viwe vinne, viandikwe kwenye mkataba wa fundi: msingi uliochimbwa kabla ya zege la chini, nondo na biskuti kabla ya kila zege, dawa ya mchwa na nailoni kabla ya jamvi, na kenchi kabla ya bati. Fundi anatoa taarifa saa 24 kabla, wewe au fundi sanifu wako mnafika, mnasaini kwenye kitabu cha saiti, picha inapigwa yenye rula ndani yake. Msipofika ndani ya muda, tafuteni utaratibu wa mtu mbadala, la sivyo fundi atamwaga na atakuwa na haki ya kulalamika. Idara yenye mafundi sanifu watatu na saiti ishirini haiwezi kukaa kila mahali, ila inaweza kuwepo kwenye vituo hivyo vinne kila mahali.

Stoo ikaguliwe kwa hesabu, maana daftari peke yake linasema lolote. Jamvi la darasa la mita 7 kwa 9 lenye unene wa sm 10 ni mita za ujazo 6.3. Kwa 1:2:4 kila mita ya ujazo inakula takriban mifuko 6.4, kwa hiyo ni mifuko kama 40. Daftari likisema 58, kuna iliyotoka getini. Likisema 27, hali ni mbaya zaidi: haikuibiwa, ila jamvi ni bovu. Tofali za inchi 6 mfuko utoe 30 hadi 35. Anayejisifu kupata 50 anakuuzia mchanga.

Malipo ya fundi yasiwe ya mkupuo. Mgawanyo ninaouamini ni asilimia 25 baada ya jamvi, 20 kwenye lenta, 20 baada ya kupaua, 20 baada ya lipu na sakafu, 10 kwenye umaliziaji, na 5 ibaki mpaka jengo lipitiwe na masika moja. Paa linalovuja halijulikani Januari.

Bati kwa saiti iliyo karibu na bahari isiwe nyembamba kuliko geji 28, na misumari iwe yenye kofia na mpira. Grili za chuma zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa, pande zote, maana nyuma ya fremu hakuna brashi inayofika tena. Na kwa wenye majengo ya zamani ya matumbawe na chokaa, hapa mjini au Pangani: msiyapige lipu ya saruji. Inafungia unyevu ndani na ukuta unameguka kama mkate. Chokaa kwa chokaa, na kabla ya hapo barua kwa Mambo ya Kale.

Mifereji ya mvua ya viwanja vya umma (stendi, soko, hospitali) mara nyingi inaangukia kwako. Hesabu yake haina uchawi: chukua mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka bila kuzama ardhini), zidisha mvua ya milimita kwa saa, zidisha eneo kwa hekta, gawa kwa 360. Hekta 10 zenye paa na sakafu nyingi, mgawo 0.6, mvua ya mm 90 kwa saa, unapata mita za ujazo 1.5 kwa sekunde. Kalavati la sm 60 kwenye mteremko wa 0.5% hubeba kama 0.4, la sm 90 hubeba kama 1.3. Ukiona eneo la namna hiyo lina bomba moja la sm 60, mafuriko yake si mapenzi ya Mungu. Na pungufu ya sm 60 usiweke kabisa hata kama hesabu inaruhusu, kwani mtu hawezi kulizibua.

Jambo ambalo ramani za kutoka bara husahau ni bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida. Siku za bamvua maji hujaa huku mnamo saa 10 hadi 11, alfajiri na jioni. Mvua kubwa ikigongana na saa hizo na mdomo wa mtaro ukiwa chini ya usawa wa maji kujaa, mtaro hautoi kitu, unapokea. Nenda mdomoni siku ya bamvua na rula, weka alama. Ama unainua mdomo, ama unaweka mlango wa bawaba unaofungwa na bahari, na huo mlango unahitaji mtu wa kuusafisha kila wiki, vinginevyo mfuko mmoja wa plastiki unaubana wazi.

Magari na mitambo: kila mtambo na kitabu chake chenye saa za mita, lita za dizeli na jina la dereva. Oili ya injini kila saa 250. Lita kwa saa ikipanda ghafla bila kazi kubadilika, muulize dereva kabla ya kumuuliza fundi makanika.

Matengenezo nimeyaacha mwisho kwa kuwa hata bajeti huyaacha mwisho. Usiombe "fedha za ukarabati" kwa jumla. Kamati ya Fedha itazikata ndani ya dakika moja. Peleka orodha ya majengo yote, kila moja na kasoro yake, bei ya kurekebisha mwaka huu, na kitakachoharibika likiachwa: gata lililong'oka leo ni kazi ya nusu siku, baada ya masika mbili ni ukuta na msingi. Wagawie madiwani orodha hiyo kata kwa kata wiki moja kabla ya kikao. Diwani akishaona zahanati yake iko namba tatu, atakutetea yeye mwenyewe dhidi ya anayetaka kukata.